Samaki kwa Kilo, Bili kwa Simu: Jinsi ya Kula Lamu Bila Kuzozana Wakati wa Kulipa

Lamu huingii bila kupanda boti. Ukija kwa ndege unashuka Manda, ukija kwa basi safari inaishia Mokowe, na kote kuwili unavuka maji ndipo ufike kisiwani. Ukishafika, kuna mpango mmoja ambao karibu kila mgeni anakuja nao: kula samaki. Wengine wanakaa kwenye migahawa ya mbele ya bahari mjini, ile ambayo wasafiri wamekuwa wakitajiana kwa miaka mingi, kama Hapa Hapa na Bush Gardens. Wengine wanatembea hadi Shela. Na wengine wanaingia vichochoroni, kwenye hoteli ndogo ambapo wenyeji wenyewe wanakula wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Chakula chenyewe hakihitaji maelezo yetu. Shida huja baadaye, sahani zikiwa tupu. Bili inaletwa, bei ya samaki siyo ile uliyokuwa nayo kichwani, namba ya kulipia ni ya mtu usiyemjua, netiweki inazunguka, na mhudumu amesimama pembeni akingoja meseji iingie. Hapo ndipo jioni nzuri inapoharibika.

Habari njema ni kwamba karibu kila moja ya shida hizi inaweza kuzuiwa, na nyingi zinazuiwa kabla hujaagiza. Tutakuonyesha jinsi bei ya samaki inavyopatikana, tofauti kati ya tili na namba ya mtu, unachopaswa kufanya pesa ikikwama, na kwa nini mhudumu anayekataa kutazama meseji yako hakudharau hata kidogo.

Bei ya samaki inatoka wapi?

Soda bei yake inajulikana. Samaki siyo soda. Bei yake inaanza baharini, inapitia kwa mvuvi, kwa mnunuzi wa sokoni, kwa mpishi, ndiyo inafika kwako. Kila mkono una gharama yake: mafuta ya boti, barafu, mkaa, nazi.

Halafu kuna upepo. Watu wa pwani wanagawa mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inakuwa tulivu kiasi na mashua ndogo zinaweza kwenda mbali. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati ya msimu huo bahari huchafuka. Mvuvi mwenye mashua ndogo akikaa nyumbani siku tatu, samaki wanapungua sokoni na bei inapanda. Kwa hivyo ukiambiwa bei ya Julai iko juu kuliko ile uliyolipa Januari, usidhani mara moja kwamba unaibiwa kwa sababu wewe ni mgeni.

Ndiyo maana pia menyu nyingi zina bei ya wali, chapati na juisi, lakini kwenye kamba mawe au samaki mzima hazina bei kamili. Hizo huuzwa kwa uzito na kwa bei ya siku. Huu si ujanja, ni biashara ya bahari ilivyo. Lakini inakuachia wewe kazi moja: kuuliza.

Uliza mambo manne kabla hujaagiza

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Maswali haya yanachukua dakika moja tu:

1. Kilo ni pesa ngapi leo? Usiulize tu "samaki ni ngapi?" Uliza bei ya kilo, na uulize ni samaki gani. Changu, tafi, kolekole, nguru na tewa hawana bei moja. Kamba wa kawaida na kamba mawe ndio kabisa, hao ni vitu viwili tofauti.

2. Mnapima kabla ya kusafisha au baada? Samaki mzima akitolewa magamba na matumbo uzito unapungua. Njia zote mbili ni sawa mradi ujue ni ipi inatumika. Kama mizani ipo, omba uone samaki wako akipimwa. Hakuna anayekasirika kwa hilo.

3. Bei hiyo ni pamoja na nini? Sehemu nyingine wali au viazi vinakuja pamoja na samaki, sehemu nyingine vinahesabiwa kando. Achari na ndimu kwa kawaida havina neno, lakini sahani ya pili ya wali inaweza kuwa na bei.

4. Mnalipwaje? Hili ndilo watu husahau. Uliza kama wana tili, kama wanapokea Pochi, au kama wanataka pesa taslimu. Ukijua mapema kwamba ni taslimu tu, una muda wa kutafuta wakala kabla hajafunga. Kumbuka benki na mashine za kutolea pesa ziko mjini Lamu. Ukiwa umepanda mashua kwenda kula kisiwa kingine, usitegemee kuzikuta huko.

Maswali haya yaulize kwa upole. Pwani salamu huja kwanza. Anza na "Asalaam aleikum" au "Habari za jioni, kaka", ngoja ujibiwe, halafu ndiyo uingie kwenye bei. Utaona majibu yanakuja marefu na ya kweli zaidi, na pengine mhudumu mwenyewe atakwambia, "Dada, leo chukua tafi, changu ni wa jana."

Jambo moja zaidi la wakati: mwezi wa Ramadhani migahawa mingi Lamu hufunga mchana na kufungua wakati wa kufuturu. Panga safari yako ukijua hivyo.

Tili, Pochi au namba ya mtu: tofauti ni nini?

Unapoambiwa "tuma kwa simu", kuna njia tatu tofauti ambazo huenda mhudumu anamaanisha, na hazifanani hata kidogo.

*Namba ya tili.* Hii ni akaunti ya biashara. Kwa M-PESA inaitwa Lipa na M-PESA Buy Goods. Unaweka namba ya tili, kiasi na namba yako ya siri, basi. Mteja hakatwi ada ya kulipia. Mwenye biashara ndiye anayekatwa asilimia ndogo. Na tangu Aprili 2022, wateja wa Airtel Money na T-Kash pia wanaweza kulipa kwenye tili ya kampuni nyingine, kwa hivyo laini yako ikiwa tofauti na tili ya mgahawa, uliza kwanza kabla ya kusema huwezi.

*Pochi la Biashara.* Hii ni ya wafanyabiashara wadogo: muuza viazi karai, bibi wa mahamri, nahodha wa mashua. Unalipa kwa namba ya simu, lakini pesa haiingii kwenye salio la kawaida la mtu huyo, inaingia kwenye pochi ya biashara. Inamsaidia kutochanganya mtaji na pesa ya nyumbani. Kwako wewe, angalia ada kwenye simu kabla ya kukubali, kwa sababu njia hii si sawa na tili. Pia ujue kwamba ukilipa Pochi kimakosa, pesa hairudishwi mpaka mwenye Pochi akubali.

*Namba ya mtu binafsi.* Hapa unatuma pesa kama unavyomtumia mamako. Ada ya kutuma ni yako. Na zaidi ya ada, kuna swali: je, namba hii ni ya mgahawa kweli, au ni ya mhudumu aliyeanza kazi jana? Kwenye hoteli ndogo ya familia hii inaweza kuwa njia ya kawaida kabisa, hasa kama mwenyewe ndiye anayekuhudumia. Lakini kama ukutani kuna tili imebandikwa, halafu mtu anakwambia "hiyo ina shida, tuma kwa hii yangu", nenda kaunta ukamuulize mwenye mgahawa. Ikiwa tili ina shida kweli, yeye mwenyewe atakupa namba nyingine mbele ya wote.

Tupige hesabu

Tuseme mko wanne. Mmekula changu mzima wa kilo moja na nusu kwa shilingi 800 kwa kilo, hiyo ni 1,200. Sahani moja kubwa ya pweza wa nazi ni 600. Wali wa nazi sahani mbili kwa 150 ni 300. Juisi ya ukwaju glasi tatu kwa 100 ni 300. Jumla ni shilingi 2,400. (Bei hizi ni za mfano tu, usiende kubishana nazo mgahawani!)

Sasa angalia kinachotokea kwa ada za M-PESA zilizoanza Julai 2023. Ukituma 2,400 kwa namba ya mtu, unakatwa 33. Mwenye mgahawa naye akienda kwa wakala kutoa pesa hiyo, anakatwa 29. Kati yenu wawili, shilingi 62 zimeondoka. Ukilipa kwa tili, wewe hukatwi kitu, na yeye anakatwa kama nusu asilimia, ambayo kwa 2,400 ni kama shilingi 13.

Kuna hesabu nyingine ambayo vikundi vya marafiki huwa havioni. Mmegawana, kila mtu ni 600. Kawaida watatu wanamtumia mmoja, halafu yeye analipa. Kila mmoja wa hao watatu anakatwa 13 kwa kutuma 600. Hiyo ni shilingi 39 zimeenda bure. Kama kila mtu angelipa 600 yake moja kwa moja kwenye tili, ada ingekuwa sufuri. Unachohitaji tu ni kumwambia mhudumu mapema: "Kaka, tutalipa mara nne, mia sita sita." Yeye ataandika misimbo minne ya malipo kwenye bili na mambo yatakuwa sawa.

Ada hubadilika mara kwa mara, kwa hivyo zitazame kwenye simu yako siku unaposafiri. Lakini kanuni haibadiliki: tili ikiwepo, tumia tili.

Wakati wa kulipa: hatua kwa hatua

Usilipe bili iliyotajwa kwa mdomo tu. Omba iandikwe, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Isome. Uzito wa samaki uko sawa? Juisi ni tatu au nne? Kosa la kuhesabu ni rahisi kulirekebisha kabla pesa haijatoka kuliko baada.

Halafu:

- Piga *334# au fungua programu kwenye simu. Msimbo huo hauhitaji bando wala intaneti, unahitaji netiweki ya kawaida tu. Kisiwani hilo linasaidia sana.
- Chagua sehemu ya kulipia bidhaa na huduma, weka namba ya tili. Isome kutoka kwenye kibandiko, usiichukue kwa kusikia. Kukiwa na muziki na upepo, "sita" na "saba" zinafanana.
- Weka kiasi, halafu simama hapo usome jina. Kabla ya pesa kutoka, simu inakuonyesha jina la biashara unayoilipa. Kama halifanani na jina la mgahawa, muulize mhudumu: "Samahani kaka, hili jina ni lenu?" Biashara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mwenyewe, si kwa jina lililo kwenye kibao, kwa hivyo jina tofauti si lazima uwe wizi. Lakini lazima mtu akuthibitishie.
- Weka namba ya siri mwenyewe. Hata mhudumu awe mzuri kiasi gani, hata uwe umesahau miwani, simu yako usimpe akuwekee. Mwambie akusomee tili, kubofya ubofye wewe.
- Ngoja meseji. Usifunge simu na kuondoka.

Kama umejiunga na Fuliza na salio lako halitoshi, unaweza kujikuta umelipia kamba mawe kwa mkopo wenye ada ya kila siku. Si vibaya kama umeamua. Ni vibaya kama umegundua siku nne baadaye. Angalia salio kabla ya kuagiza, si baada.

Netiweki ikigoma

Hii ndiyo hali inayoleta ugomvi mwingi kuliko zote. Umelipa, simu imeandika ombi lako linashughulikiwa, dakika mbili zimepita, meseji hakuna. Mhudumu naye anasema kwake hakuna kitu. Wewe unaona umelipa, yeye anaona hujalipa, na wote wawili mnasema kweli.

Kosa kubwa hapa ni kulipa mara ya pili haraka haraka ili kumaliza aibu. Dakika kumi baadaye meseji zote mbili zinaingia, na umekula changu mmoja kwa bei ya wawili.

Fanya hivi badala yake. Kwanza, angalia salio lako. Salio likiwa halijapungua, malipo hayajafanyika na unaweza kujaribu tena. Likiwa limepungua, pesa imetoka, kilichochelewa ni taarifa. Pili, angalia taarifa fupi ya akaunti kwenye simu. Mara nyingi malipo yanaonekana pale kabla meseji haijaingia. Tatu, mwambie mhudumu aangalie upande wake, kwa simu ya tili. Kama upande wako pesa imetoka na upande wao haijafika, pigeni simu kwa huduma kwa wateja mkiwa pamoja, bado mko mgahawani. Watakuuliza kiasi, saa na namba ya tili, na vyote vitatu mnavyo hapo mezani.

Ikishindikana kabisa usiku huo, andikianeni. Jina, namba ya simu, kiasi, saa. Lamu ni mji mdogo unaotembeleka kwa miguu, na mwenye mgahawa akiona umeacha namba yako mwenyewe bila kuombwa mara tatu, hofu inampungua.

Kwa usalama, beba taslimu kidogo inayotosha mlo mmoja na boti ya kurudi. Simu ikizima chaji saa tatu usiku, hilo ndilo litakaloamua kama utavuka au utalala huko.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi

Tulia kwanza, lakini usichelewe. Ukiwa na M-PESA, isambaze ile meseji ya malipo kwenda 456 kuomba pesa irudishwe, au piga huduma kwa wateja. Kwa kampuni nyingine, piga namba yao ya huduma mara moja. Kila dakika ina maana hapa: kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, inaweza kushikiliwa wakati suala linaangaliwa. Kama ameshaitoa kwa wakala, inakuwa kazi ngumu.

Na sasa ligeuze. Siku moja wewe utapigiwa simu: "Samahani ndugu, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie kwa namba hii." Usirudishe mwenyewe. Kwanza angalia salio, kwa sababu mara nyingi hakuna pesa yoyote iliyoingia, ni meseji ya uongo tu. Na hata kama imeingia, mwambie apitie kwa kampuni yake aombe irudishwe. Mtu aliyekosea kweli hatapoteza kitu kwa njia hiyo. Tapeli ndiye atakayekasirika.

Kwa nini mhudumu hataki kuona meseji yako

Wateja wengine hukasirika. "Nimekuonyesha meseji, kwa nini bado unaniambia ningoje? Unaniona mwizi?"

Jiweke upande wa pili wa meza. Mgahawa mdogo wa samaki hauna ghala. Pweza anayekaangwa leo jioni alinunuliwa leo asubuhi, na mvuvi hakopeshi kila siku. Naye ana mafuta ya kununua. Pesa ya jioni ndiyo inayonunua samaki wa kesho. Sasa meza moja ya watu sita ikila kwa shilingi 6,000 na kuonyesha meseji ya kutengenezwa, siyo faida iliyopotea. Ni mtaji. Asubuhi mwenye mgahawa anafika sokoni na mkono mtupu, anarudi na nusu ya samaki, na wateja wa jioni wanaambiwa "leo pweza hakuna". Na mahali pengi, bili isiyolipwa inakatwa kwenye mshahara wa yule mhudumu aliyewahudumia. Sahani moja ya kamba inaweza kuwa ujira wake wa siku nzima.

Kutengeneza meseji ya uongo si kazi ngumu. Mtu anaweza kunakili meseji ya zamani, akabadilisha kiasi na tarehe, akaituma kutoka simu nyingine. Kwa macho, kwenye mwanga wa taa ya mezani, huwezi kutofautisha.

Kwa hivyo utaratibu mzuri ni huu, na kila mwenye mgahawa anayesoma hapa auchukue:

- Meseji ya kuaminika ni ile iliyoingia kwenye simu ya tili, si iliyo kwenye simu ya mteja.
- Angalia nani ameituma. Meseji halali inatoka kwa jina rasmi la huduma, haitoki kwa namba ya simu ya kawaida.
- Linganisha msimbo wa malipo. Ule ulio kwa mteja na ule ulio kwa tili lazima ziwe herufi na tarakimu zilezile.
- Ukiwa na shaka, angalia salio la tili. Salio halidanganyi.
- Simu ya tili ikae kaunta, ikiwa na chaji. Kama inatembea na mwenyewe nyumbani, mhudumu hana la kufanya ila kuamini macho.

Na wewe mteja, ukiambiwa "Ngoja kidogo dada, niangalie simu ya kaunta", jibu "Sawa kaka, angalia tu." Hiyo dakika moja ndiyo inayofanya hoteli hiyo iwepo utakaporudi Desemba.

Bakshishi

Swali dogo lakini watu huuliza: nikitaka kumpa mhudumu kitu kidogo, niweke kwenye tili? Ukiweka kwenye tili, pesa inaingia kwa mwenye biashara, na mhudumu huenda asiione. Njia iliyo wazi ni kumpa taslimu mkononi, au kumtumia kwa namba yake mwenyewe. Kwa M-PESA, kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada, kwa hivyo bakshishi ya mia moja inafika ikiwa mia moja kamili. Hii ndiyo mara ambayo namba ya mhudumu ni sawa kabisa kutumika: bili imeshalipwa kwa tili, hii ni asante yako.

Baada ya kula

Usifute meseji ya malipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na meseji zako ndizo daftari. Ukiwa umesafiri kikazi, ndiyo ushahidi wa matumizi. Ukiwa na marafiki, ndiyo itakayomaliza mjadala wa nani alilipa nini. Na kukitokea shida wiki ijayo, msimbo ule ndio kitu cha kwanza ambacho huduma kwa wateja watakuuliza.

Hesabu zikishafungwa mnabaki na yale mliyoyafuata: harufu ya mkaa na nazi, mashua zinazorudi, punda wanaopita mbele ya meza kama wenye mji. Kama bado mna nafasi tumboni, agizeni juisi moja ya ukwaju ya mwisho. Tili mnayo tayari.